Bima Haikuwa Yetu

North York,
Jumamosi mchana, Agosti 2018

Atupele mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na umeniambia nisiguse boksi lolote mpaka urudi. Sijagusa. Nimesukuma pembeni magazeti ya kufungia vyombo, nimekaa mezani na kuchukua kalamu, kwa sababu kuna maneno ambayo mdomoni mwangu hayatoki. Wiki nzima nimejaribu. Kila nikifungua kinywa najikuta nakuuliza kama umekula.

Barua hii haitakufundisha kupika wala kufunga madirisha. Kufua, kulipa umeme, kuamka mwenyewe, hayo uliyajua mapema kuliko mtoto anavyopaswa kuyajua, na sababu yake ni sehemu ya haya ninayokuandikia. Najua Kiswahili cha kusoma kinakuchosha. Unanisikia vizuri, lakini ukinijibu unajibu kwa Kiingereza. Basi soma polepole. Neno likikushinda nipigie simu, nitakusomea mwenyewe.

Nianze na jioni ile ya wiki iliyopita. Ulirudi na makaratasi ya mkopo wa nyumba yako ya Windsor, ukayatandaza hapa hapa ninapoandikia. Ulinionyesha picha ya ile nyumba ndogo ya matofali, ukanieleza kuwa hospitali utakakofanya kazi ya maabara iko karibu, utaweza hata kutembea kwa miguu. Ulikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni mwako tangu ukiwa msichana mdogo. Kisha ukagonga ukurasa mmoja kwa kidole, ukasema, "Mama, usiwe na wasiwasi. Mkopo wangu una bima. Serikali iko nyuma yake."

Nikainuka, nikaenda bafuni, nikafungulia maji.

Ulinifuata ukabisha. "Mama, hufurahii?"

"Nimefurahi sana," nilikujibu kupitia mlangoni. Nilipotoka uliyatazama macho yangu mekundu, ukakusanya karatasi zako moja moja, ukaenda kulala bila kula. Ulidhani nakuonea uchungu kwa kuondoka. Ulidhani pengine nina wivu, kwamba mimi niliuza nyumba na wewe unanunua. Hapana, mwanangu. Nililia kwa sababu maneno yale niliwahi kuyasema mimi, karibu hivyo hivyo ulivyoyasema wewe, na niliyasema kumnyamazisha baba yako.

Unakumbuka lile ghorofa la barabara ya Finch tulikoishi tulipofika kutoka Mbeya. Juu yetu watu, chini yetu watu, na lifti inayofanya kazi inapojisikia. Baba yako alikuwa akirudi kutoka kiwanda cha mikate ana unga kwenye nyusi, anavua viatu, anakaa pale kwenye kochi na kusikiliza visigino vya jirani wa juu. "Mama Atu," alikuwa akiniambia, "mimi nataka siku moja nikanyage sakafu, na chini yake kuwe na udongo."

Mimi nilikuwa namcheka. Nyumba zilikuwa za watu wengine, wenye mizizi. Sisi tulikuwa na kazi mbili na mtoto mmoja.

Mwaka 2008, baada ya ibada ya Kiswahili, mzee wa kanisa alituomba tubaki ukumbini kidogo. Alikuwa amemleta dalali wa nyumba, Mkenya mcheshi mwenye tai nyekundu, aje atueleze namna wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza wanavyosaidiwa. Wewe ulikuwa nje na watoto wenzako. Yule dalali alieleza kwamba si lazima uwe na kianzio kikubwa. Ukitoa asilimia tano tu ya bei, benki inakukopesha zilizobaki, kwa kuwa kuna bima ya mkopo inayodhaminiwa na serikali. Akasema tunaruhusiwa kuchota kutoka akiba yetu ya uzeeni bila kukatwa kodi, mradi tuirudishe kidogo kidogo kila mwaka. Akasema pia kwamba mnunuzi wa mara ya kwanza husamehewa sehemu ya kodi ya kuhamisha umiliki, ya mkoa na ya jiji.

Baba yako akanyoosha mkono. "Samahani. Yaani serikali inanidhamini mimi?"

"Wewe, mzee wangu."

"Mimi Ambakisye wa kiwanda cha mikate?"

"Wewe wewe."

Akatugeukia sote. "Jamani, kule nilikozaliwa serikali haijawahi kunidhamini hata baiskeli!"

Ukumbi mzima ulicheka. Yeye hakucheka. Njiani kurudi nyumbani alinishika mkono, jambo ambalo halikuwa desturi yake mbele za watu, akaniambia, "Salome, umesikia? Wamesema hata sisi."

Sitaki umlaumu yule dalali. Aliyosema yalikuwa kweli. Lakini neno bima alilitaja katikati ya mambo mengi mazuri, na mimi nilikuwa nimechoka, nimetoka zamu, nikalipokea kama nilivyolizoea. Bima, nilivyojua mimi, ni kitu unacholipia wewe ili kikusaidie wewe siku ya balaa. Sikuuliza. Hilo ndilo kosa la kwanza, na ningekuwa nalo hilo peke yake ningelala vizuri.

Tulipata ile nyumba ya kuungana ukuta na ya jirani, kaskazini mwa Finch, yenye mlango wa bluu. Siku ya kwenda benki baba yako alivaa suti aliyofungia ndoa. Aliyetuhudumia alikuwa binti wa Kihindi, mdogo, mpole. Alitueleza kwamba gharama ya bima ya mkopo itaongezwa kwenye mkopo wenyewe, hatutatoa chochote siku ile. Tukakubali. Kisha akasema kuna bima nyingine, ya maisha, tukitaka. Mmoja wetu akifariki, hiyo ndiyo italipa deni la nyumba. Ingeongeza kiasi kidogo kila mwezi.

Baba yako akasogeza kiti. "Hiyo ikoje?"

Mimi nikadakia. "Bima si tumeshakatwa?"

"Hiyo ni tofauti, mama," yule binti alisema. "Ile ni ya..."

Sikumwacha amalize. Nilidhani anatuuzia. Tulikuwa tumeshaonywa kanisani kwamba benki watakuuzia kila kitu ukiwachekea. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha wakati ule, "Asante, moja inatosha. Serikali iko nyuma yetu." Nikakunja mikono. Baba yako alinitazama, akamtazama yule binti, akaweka sahihi kwamba hatuitaki.

Kwenye gari akasema, "Tungemsikiliza lakini."

"Bima mbili za nini?"

"Ile ya kufa, Salome. Mimi ndiye nina mshahara mkubwa. Nikifa je?"

Nikamgeukia kwa ukali. "Hatujahamia hata siku moja unazungumza habari za kufa? Usituletee uchuro kwenye nyumba ya mtoto."

Akanyamaza. Unajua alivyokuwa akinyamaza, anavuta mdomo upande kama mtu anayeonja chumvi. Hakulitaja tena. Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyekuwa na neno la mwisho katika mambo ya fedha, na siku ile nililitumia.

Wewe umekua ukiamini kwamba baba yako hakutufikiria. Uliwahi kusema hivyo ukiwa chuoni, siku tuliyogombana kuhusu ada. Ulisema, "Baba alinunua nyumba asiyoweza kuilinda." Nilikusikia, nikaendelea kukunja nguo. Alitufikiria, Atu. Mimi ndiye niliyemkataza.

Nisikuachie huzuni tupu. Kwa wakili ilikuwa siku ya kicheko. Ili tusamehewe ile kodi, wakili alitakiwa kutuuliza kama tumewahi kumiliki nyumba popote duniani. Mimi nikasema hapana. Baba yako akaangalia viganja vyake mpaka wakili akarudia swali.

"Nilimjengea mama yangu nyumba Tukuyu," alisema. "Matofali nilichoma mwenyewe."

"Iko kwa jina la nani?"

"Kiwanja cha baba yangu. Nyumba ya mama."

"Kwa hiyo si yako."

Akafikiri. "Niliijenga, lakini si yangu. Mimi sijawahi kuwa na nyumba, Bwana Wakili. Popote duniani." Aliyasema yale maneno mawili ya mwisho kama mtu anayeimba. Kwa miezi mingi baadaye, akikanyaga kizingiti kutoka kazini, alikuwa akiita, "Mko wapi, watu wangu wa popote duniani?" Mwaka uliofuata redio ilipotangaza kuwa wanaonunua nyumba ya kwanza watapewa na nafuu nyingine ya kodi ya mapato, alipiga goti lake kwa kiganja. "Tumewahi mno, Salome! Tungelala lala kidogo!" Hakusikitika. Alikuwa na udongo wake chini ya sakafu.

Na alikuwa na theluji yake. Wewe ulikuwa ukimcheka kwa hilo. Ghorofani theluji ilikuwa ya mwenye jengo, hatukuhusika nayo. Hapa ilianguka kwenye njia yetu, na yeye aliipenda kama mkulima anavyopenda mvua. Alinunua koleo zuri kuliko la majirani wote. Kulikuwa na utaratibu kwamba Jumamosi ni zamu yako, ila mara nyingi alikuachia ulale, na mimi nilikuwa namgombeza kwamba anakudekeza.

Majira ya baridi ya tatu tangu tuhamie, Jumamosi moja ya Februari, ilianguka usiku kucha. Nilirudi kutoka zamu ya usiku asubuhi, nikapita kwa shida, maana gari la jiji la kusukuma theluji lilikuwa limepita na kurundika tuta zito mdomoni mwa njia yetu. Nikasimama chini ya ngazi nikakuita. "Atupele! Theluji! Zamu yako!" Nikakuita tena. Ukaguna tu.

Mpaka hapo wewe unajua. Yaliyofuata hukuyasikia, maana ulikuwa umeshavuta blanketi, na mimi sikukuambia kwa miaka yote hii.

Baba yako alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshavaa buti. Alinigusa bega. "Mwache mtoto alale. Amekesha na kazi za shule."

"Kila siku unamwacha. Ataolewa hajui kushika koleo."

"Usimwamshe," alisema. "Nisipoichota mwenyewe nitajuaje kama nyumba ni yangu?"

Akatoka akicheka. Mimi nikaenda kuoga. Nilipotoka sikusikia koleo. Nikachungulia dirisha la jikoni, nikamwona ameketi juu ya lile tuta, amenipa mgongo, kama mtu anayepumzika. Nikamimina chai yake. Nikatia sukari, Atu, nikakoroga, ndipo nikafungua mlango kumwita aje anywe ikiwa moto.

Daktari aliniambia baadaye kwamba mshipa wa moyo wake ulikuwa umeziba siku nyingi. Alisema angeweza kuanguka kiwandani, au kanisani, au kitandani. Nilimsikia vizuri. Nilielewa kila neno.

Kisha zikaja simu za Tukuyu. Baba yako mdogo aliuliza mwili unafika lini. Nilimweleza kwamba kumsafirisha hatuwezi, tutamzika hapa. Akasema, "Shemeji, mna nyumba Kanada. Nyumba ya ghorofa, tumeiona kwenye picha. Mnashindwaje kumrudisha ndugu yetu kwa mama yake?" Ningemwelezaje kwamba nyumba ile, ukiondoa mlango na labda kizingiti, ilikuwa ya benki? Watu wa kanisa walichanga, tukamzika kwenye ardhi iliyoganda hata ikabidi ipashwe moto ndipo ichimbwe. Bibi yako hakuwahi kuliona kaburi la mwanawe, na alikufa akiwa na swali hilo hilo.

Baada ya msiba nilikwenda benki. Nilikwenda nikiwa na amani kidogo, nikuambie ukweli. Nilijua tumepoteza mtu, lakini nyumba imekatiwa bima. Niliyemkuta safari hii alikuwa mwanaume wa makamo. Alinipa pole, akaniuliza anisaidie nini.

"Nimekuja kwa ajili ya bima," nilimwambia. "Mume wangu amefariki. Serikali sasa italipa."

Alivua miwani. "Mama, bima ile inailinda benki. Mkishindwa kulipa, nyumba ikauzwa kwa hasara, benki ndiyo inafidiwa. Haiwalindi ninyi."

"Lakini sisi ndio tunailipia."

"Ndiyo."

"Tumelipia bima ya benki?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana walikubali kuwakopesha kwa kianzio kidogo." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hamkuchukua ile ya maisha?"

Nilimwambia hatukuichukua. Sikumwambia nani aliikataa. Nilitoka nikapanda basi la kwenda upande nisiokaa, nikafika mwisho wa njia, dereva akaniambia nishuke.

Jioni ile uliniwekea chakula mezani. Ulikuwa umepika wali, umeungua kidogo chini. Ukaniuliza, "Mama, tutahama?" Uliuliza kwa Kiswahili. Ulikuwa huniulizi mambo kwa Kiswahili ila ukiwa na hofu.

Nami nikakujibu, "Nilikuita asubuhi ile. Ungeamka, tusingekuwa tunaulizana haya."

Ndiyo. Nimeliandika. Nimeliandika ili usije ukadhani nimesahau, au ukadhani wewe ndiye uliyelisikia vibaya. Uliweka kijiko chini polepole. Hukulia. Ulinyanyua sahani yako ukaenda kuiosha, na chakula kikiwa bado ndani yake.

Tangu siku ile hukulala tena kupita alfajiri. Kila theluji ilipoanguka, niliamka nikakuta njia imeshachotwa mpaka lami inaonekana, na wewe umekaa jikoni na koti lako, pua nyekundu, unasoma. Majirani walinisifu kwa mtoto mwenye bidii. Nilijua ile haikuwa bidii. Nilijua kila asubuhi ulikuwa unaitika wito ule niliokuita. Ningekuambia sentensi moja tu, "Baba yako ndiye aliyesema usiamshwe," ningekutua ule mzigo. Sikukuambia. Mzigo ungehama, mwanangu, na palikuwa na mtu mmoja tu wa kuubeba.

Nikaamua nyumba haitapotea. Nilijiambia nailinda kwa ajili yako na kwa heshima ya baba yako, kumbe nilikuwa najaribu kumwonyesha marehemu kwamba niliposema bima moja inatosha sikukosea sana. Nikachukua kazi ya pili, ya kuwahudumia wazee majumbani. Nikapangisha chumba cha chini kwa wanafunzi wawili. Hata ile akiba ya uzeeni ambayo baba yako alikuwa ameichota na kuanza kuirudisha, niliomba niendelee kuirudisha mimi. Nikawa kila mwaka natunza uzee wa mtu ambaye hakuufikia. Halafu bado hazikutosha, nikapangisha chumba chako.

Ulihamia sebuleni. Siku ya mahafali yako ya sekondari nilikuwa kazini Thornhill, namlisha bibi wa watu uji. Ulisema haidhuru.

Halafu ikaja ile Jumapili. Nilirudi mapema, nikasikia televisheni ya mpangaji juu, sikukuona sebuleni. Nikakukuta bafuni. Ulikuwa umekaa ndani ya beseni la kuogea, kavu, umeweka mto mgongoni, vitabu magotini.

"Unafanya nini humu?"

"Hapa pana utulivu," ulisema. "Usijali Mama, nimezoea."

Nilifunga mlango nikasimama pale kwenye korido. Nyumba ile ilikuwa na wapangaji, ilikuwa na benki, ilikuwa na mimi ninayepita kubadilisha sare ya kazi. Mtoto ambaye nyumba ilinunuliwa kwa ajili yake alikuwa anaishi kwenye beseni. Kesho yake nilimpigia dalali aiuze.

Tukahamia hapa, tukapanga. Haikutupa hasara, namshukuru Mungu. Bei zilikuwa zimepanda, na baada ya benki kuchukua chake kilibaki cha kukusomesha, ndicho kilichokuvusha chuo. Kwa hiyo baba yako alikusomesha, na hilo pia sikuwahi kukuambia kwa maneno hayo. Ila wewe ulisoma huku ukiamini kwamba ulimuua, na mimi nililipa ada nikikuacha uamini.

Sasa nyumba yako. Nitasema machache, maana wewe umesoma kuliko mimi. Ile nafuu ya kodi ya mnunuzi wa mara ya kwanza idai mwenyewe utakapopeleka hesabu za kodi mwakani. Haiji yenyewe mlangoni. Ulichochota kwenye akiba yako ya uzeeni kirudishe kila mwaka, hata mwaka mgumu, maana usiporudisha wanakihesabu kama mapato na kukitoza kodi. Na ukurasa ule ulioupigia kidole, usome tena. Jumatatu mpigie yule wa benki umuulize, bima hii ikitoa fedha zinaenda kwa nani? Mwache amalize kusema. Kisha kata bima yako ya maisha, popote utakapopata nafuu. Na siku ukiwa na mwenzako, akitaka kuzungumza habari za kufa, mpikie chai mkae mzungumze. Uchuro hauletwi na maneno. Nimeishi na mtu aliyenyamaza kwa ajili yangu, na hakuna kelele inayonisumbua kuliko kimya kile.

Na nyumba ikikuzidi nguvu, iuze. Usingoje kama mimi nilivyongoja.

Sikuombi unisamehe leo. Ukiniambia kesho asubuhi kwenye pilikapilika za kupakia kwamba umenisamehe, nitajua umefanya ili safari iwe nyepesi, maana ndivyo ulivyo. Kaa nayo barua hii. Kasirika. Una haki ya kunikasirikia kwa miaka ile yote, na mimi nitapokea simu hata ukinipigia kunigombeza. Ninachotaka ulale nacho Windsor usiku wa kwanza ni hiki tu: hakuna mtu aliyekuhitaji uamke asubuhi ile. Baba yako alitaka ulale. Alilitaka kwa sauti, mbele yangu, akiwa na furaha.

Umeniuliza kama nitakuja tuishi wote. Nimekataa, na nimeona ulivyoumia. Sikatai kwa kukuchoka. Umeishi miaka mingi mno ndani ya nyumba yangu ukinitunza, ukitembea kwa ncha za vidole. Sasa kaa kwako, acha taa zikiwaka, acha vyombo bila kuosha, lala mpaka saa sita mchana kama watoto wa wenzangu.

Nitakuja Krismasi, kwa basi. Nikifika sitaingia tu kama mama, hata ukiniachia ufunguo. Nitasimama nje kwenye baridi na begi langu, nipige hodi kama mgeni yeyote. Sijawahi kupiga hodi kwa mwanangu, na baba yako hakujaaliwa. Usikimbie kunifungulia. Njoo polepole, niusikie mwendo wako ndani ya nyumba yako.

Mama yako anayekupenda, na aliyechelewa kukuambia,
Salome